Mshale wa Ki-pat: jinsi ngano ya Kinandi ilivyosukwa upya

Kuna kitabu cha picha kilichotoka Marekani mwaka 1981 ambacho Mkipsigis, anayeelewa Kinandi, akikisoma atahisi anamsikiliza jamaa aliyeishi ng'ambo miaka mingi akisimulia habari za nyumbani: kisa anakijua, ila majina na mahali vimemponyoka kidogo. Kinaitwa Bringing the Rain to Kapiti Plain. Maneno ni ya Verna Aardema, michoro ni ya Beatriz Vidal, mzaliwa wa Argentina, na kinajitambulisha wazi kuwa ni ngano ya Kinandi. Mwaka 1983 kiliingia katika kipindi cha televisheni cha Reading Rainbow, kikasomwa kwa sauti nzito ya mwigizaji James Earl Jones, na tangu hapo hakijawahi kukauka katika madarasa ya watoto wa Kimarekani.

Kisa chenyewe ni kifupi. Mvua imechelewa. Wingu zito jeusi limetanda juu ya tambarare lakini halinyeshi. Nyasi zimekauka, ng'ombe wana njaa na kiu, na Ki-pat, mchungaji, amesimama kwa mguu mmoja akiwatazama. Tai anadondosha unyoya. Ki-pat anautia kwenye mshale, anatengeneza upinde kwa fimbo na ukanda wa ngozi, analitoboa wingu, na mvua inashuka. Mwishoni anaoa, anapata mtoto, na mtoto naye anachunga.

Kisa kama hicho kingeweza kusimuliwa kwa dakika mbili kisha kikasahaulika. Kilichokifanya kidumu ni namna kilivyofungwa. Kila kitu kipya kinapoingia, mwandishi anarudia vyote vilivyotangulia kwa mpangilio wa kurudi nyuma, mpaka afike tena kwenye lile wingu na ile tambarare. Mtoto anayesikiliza, akifika mzunguko wa nne, tayari ameushika mkia wa wimbo na anaumaliza kabla ya msomaji.

Ukiichora safari hiyo kwenye karatasi utaona jambo ambalo sikio peke yake haliligundui upesi. Nusu ya kwanza inashuka: wingu, nyasi, ng'ombe, mchungaji. Tumetoka juu mpaka chini, na kila hatua ni tatizo linalomwangukia wa chini yake. Kisha kinadondoka kitu kimoja kidogo kutoka juu, unyoya, na kuanzia hapo hadithi inapanda: unyoya unakuwa sehemu ya mshale, mshale unapata upinde, upinde unaurusha mshale kuleule lilikokuwa wingu. Kilichoanguka kimerudishwa juu. Huo ndio mhimili wa kitabu kizima, na sidhani kama watoto wanahitaji kuambiwa. Wanausikia kwa kuwa kibwagizo kinawapitisha njia ileile mara nyingi, na siku moja mwisho wa njia unabadilika.

Swali la mchambuzi ni nani alikifunga hivyo. Jibu limeandikwa katika maelezo ya kitabu chenyewe, na ni la uaminifu kuliko ilivyo kawaida ya vitabu vya aina hii. Masimulizi ya asili yalikusanywa na Claud Hollis, ofisa wa serikali ya kikoloni, ambaye kitabu chake The Nandi kilichapishwa Oxford mwaka 1909. Hollis, tunaelezwa, alipoisikia ngano hii alikumbuka wimbo wa kitoto wa Kiingereza alioupenda utotoni, ule wa nyumba aliyoijenga Jack. Aardema akaichukua kumbukumbu hiyo ya Hollis na kuigeuza kuwa mpango wa kazi: akaongeza kibwagizo cha kulimbikiza na kuipa ngano mapigo ya wimbo ule wa Jack.

Kwa maneno mengine, mshono uliokipa kitabu sifa haukutoka kwa Wanandi. Mkufu wa matukio ni wao. Mapigo ni ya chumba cha watoto cha Uingereza. Hollis aliisikia Afrika kwa masikio ya utoto wake, na miaka sabini baadaye Aardema akamsoma Hollis kwa masikio ya utoto wake mwenyewe. Silisemi hili kwa lawama. Nalisema kwa sababu mwandishi wa Kericho au Bomet anayetaka kuirudisha ngano nyumbani akikitafsiri kitabu cha Aardema atakuwa anatafsiri hasa ile sehemu iliyoongezwa.

Aardema mwenyewe alikuwa msomaji kabla ya kuwa chochote kingine. Alizaliwa mwaka 1911 New Era, kijiji cha jimbo la Michigan, mtoto wa tatu kati ya tisa. Alisimulia kwamba alipokuwa na miaka 11 alipata alama ya juu kwa shairi, mama yake akatangaza kuwa mwandishi amezaliwa, na tangu siku hiyo akawa anakimbilia kwenye kinamasi cha mierezi nyuma ya nyumba kutunga, huku akizikwepa kazi za jikoni. Baadaye alifundisha shule ya msingi kwa miaka mingi, na kwa muda mrefu aliandikia gazeti la Muskegon Chronicle. Ngano za Afrika zilimjia kupitia meza ya chakula: binti yake alikuwa hali mpaka asimuliwe hadithi, na mama akawa anaziweka hadithi hizo popote alipokuwa anasoma wakati huo, leo Ashanti, kesho Kalahari. Kitabu chake cha kwanza, Tales from the Story Hat, kilitoka mwaka 1960, naye akiwa karibu na miaka 50.

Ukiangalia orodha ya vitabu vyake unaona ratiba ya msomaji wa maktaba aliyekuwa akizifungua kabati za wakusanyaji wa zamani moja baada ya nyingine. Who's in Rabbit's House, cha mwaka 1977, ni cha Kimaasai, na chanzo chake ni kitabu kingine cha Hollis, The Masai, cha mwaka 1905. Rabbit Makes a Monkey of Lion, cha mwaka 1989, kimetoka kwenye ngano za Zanzibar alizozichapisha George Bateman huko Chicago mwaka 1901. Mwaka 1985 alikuwa ameshatoa kingine cha Zanzibar, Bimwili and the Zimwi. Njia yake haikubadilika: alitafuta maandishi yaliyolala, akapunguza wahusika na matukio, akaingiza milio na tanakali za sauti, kisha akamwachia mchoraji nafasi. Sungura wetu mjanja, yule wa mwituni mwenye miguu mirefu, kwake aligeuka kuwa sungura wa kufugwa. Hapo ndipo mtu aliyekulia Sotik au Litein anapotabasamu.

Nafasi ya mchoraji si jambo dogo. Kitabu cha picha kwa kawaida kina kurasa 32, kwa sababu karatasi kubwa ya kiwandani hukunjwa ikatoa kurasa 16, na mbili zake zinatosha. Ukitoa jina, haki na maelezo, mwandishi anabaki na matandiko kumi na machache ya kurasa mbilimbili. Ngano ya mkufu inaingia humo kana kwamba ilipimwa: kila pete ya mkufu inapata tandiko lake, na maneno yanayorudiwa hayahitaji picha mpya ya kila kitu.

Sasa turudi kwenye mahali. Tambarare ya Kapiti iko upande wa pili wa Nairobi, kati ya Athi na Machakos, nchi ya Wamaasai na Wakamba. Taasisi ya utafiti wa mifugo ya ILRI ina shamba lake huko, takriban hekta 13,000 za nyasi na swala. Wanandi ni watu wa milima. Iwe jina liliingia kwa njia gani, faida yake ya kiufundi inaonekana kwa macho: kwa Kiingereza rain na plain vina kina kimoja, na kila mzunguko wa wimbo unatua hapo. Milima isingempa kina hicho. Nashuku kwamba sikio lilipata uzito kuliko ramani, na kwa mtunzi wa watoto mara nyingi ndivyo inavyokuwa.

Kwa mtoto wa Kericho tatizo la kitabu ni jingine kabisa: hajui wingu lisilonyesha. Hapa mchana wingu likijikusanya kutoka upande wa Ziwa Victoria, saa nane au tisa maji yanashuka, na mara kwa mara yanashuka yakiwa yameganda. Nyanda hizi za chai, Kericho pamoja na Nandi, hutajwa na wataalamu wa hali ya hewa miongoni mwa sehemu zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani. Jani changa likichanwa na mawe, mchumaji anakaa siku nyingi akingoja chipukizi jingine, na mwenye shamba dogo anaanza kuhesabu kitakachopungua kwenye bonasi.

Na hapa kuna mkasa ambao mtunzi yeyote wa watoto angeutamani. Katika miaka ya 1960 wakulima wakubwa wa chai waliyapiga mawingu ya Kericho. Walirusha roketi za baruti kwenye mawingu yaliyoonekana kubeba mawe, na mwaka 1966 mtaalamu wa hali ya hewa H. W. Sansom alieleza majaribio hayo katika jarida la Weather. Baadaye zikaletwa ndege za kumwaga iodidi ya fedha mawinguni. Ki-pat alipiga wingu ili linyeshe, wao wakalipiga ili lisitupe mawe. Mtoto wa Bomet akiambiwa kwamba babu yake aliona watu wazima wakirusha mishale ya moto angani kwa ajili ya majani ya chai, ataisikiliza hadithi hiyo bila kubembelezwa kwa unyoya wa tai. Mkufu wake upo tayari pia: wingu, jiwe, jani, mchumaji, kikapu, kituo cha kununulia majani, lori, kiwanda.

Lakini mkufu huo ufungwe kwa lugha gani, na kwa mapigo gani?

Tuanze na Kiswahili, kwa sababu kwenye makambi ya mashamba makubwa watoto wa Wakipsigis, Wagusii, Wajaluo na Waluhya wanacheza pamoja na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha. Chukua mpango wa Aardema uufuate hatua kwa hatua, kwa mfano wa kubuni:

Hili ni jani lililochipua asubuhi.
Huyu ni mama aliyechuma jani lililochipua asubuhi.
Hiki ni kikapu kilichobebwa na mama aliyechuma jani lililochipua asubuhi.
Hii ni njia iliyopitiwa na kikapu kilichobebwa na mama aliyechuma jani lililochipua asubuhi.

Kuna utamu hapa ambao Kiingereza hakiwezi kuupata. Ngeli zinapiga ngoma zenyewe: hili, lililo, huyu, aliye, hiki, kilicho, hii, iliyo. Mtoto anajifunza upatanisho wa sarufi bila kujua yuko darasani. Lakini hesabu mizani. Mstari wa kwanza una 15, wa pili 22, wa tatu 31, wa nne 40. Huu ni mzunguko wa nne tu, na mtoto wa gredi ya 3 tayari ameishiwa pumzi katikati ya kikapu. Kiingereza kinaunganisha pete kwa neno moja la silabi moja, sisi tunaweka kiambishi cha ngeli, cha wakati na cha rejeshi kabla hata ya kuufikia mzizi wa kitenzi. Ukifika kwenye kiwanda utakuwa na sentensi ya kiapo cha mahakamani.

Wengine hujaribu kuponya hili kwa kufupisha maneno. Mimi naona kosa liko kwenye mpango. Kulimbikiza kwa kurudi nyuma ni umbo linalokaa vizuri katika lugha ya maneno mafupi. Kiswahili kina uzi wake wa kufungia matukio, nao unakwenda mbele: wingu likatanda, mawe yakashuka, jani likachanika, mama akarudi na kikapu kitupu. Kiambishi -ka- hakikubali kurudi nyuma. Kinasukuma.

Pwani kuna mkufu unaokwenda mbele kwa namna hiyo. Katika kitabu kilekile cha Bateman alichokifungua Aardema kuna ngano ya mwalimu Goso, aliyekuwa akifundisha watoto chini ya mbuyu. Tunda likamwangukia, akafa. Wanafunzi wakaanza msako. Wakaukamata upepo wa kusi, nao ukajitetea kwamba ungekuwa na nguvu hizo usingezuiwa na ukuta. Ukuta ukamtaja panya anayeutoboa, panya akamtaja paka, paka kamba, kamba kisu, kisu moto, moto maji, maji ng'ombe, ng'ombe inzi, mpaka wakamfikia paa anayekula inzi, naye ndiye aliyekuwa juu ya mti.

Tazama tofauti ya ufundi. Goso naye ni mkufu, mrefu kuliko wa Ki-pat, na kwa Bateman shtaka hurefuka kila mara kwa kuwarudia waliotangulia, lakini utetezi haurefuki. Kila mzunguko ni shtaka moja na utetezi mmoja, utetezi ukiwa na umbo lilelile, na kinacholimbikizana ni washukiwa. Mtoto anayejitetea haombwi kukumbuka vitu kumi kwa pumzi moja, anaombwa kukumbuka umbo la jibu. Tena darasa linagawanyika pande mbili bila mwalimu kusema neno: huku wanaoshtaki, kule wanaojitetea. Katika chumba cha watoto wengi na nakala chache, hilo ni jambo la maana kuliko vina.

Kwa hiyo mkufu wa mvua ya mawe wa Kericho ningeufunga kwa kamba ya Goso, ila mashtaka yawe mafupi kama utetezi. Kikapu kitupu kishtakiwe kwanza, kimtaje mchumaji, mchumaji alitaje jani, jani lilitaje jiwe, jiwe liseme lilikuwa maji matupu mpaka baridi ya juu ilipolishika. Hapo mtunzi anapata nafasi ya kuingiza elimu ya hewa bila kuhubiri, kwa kuwa jiwe linajitetea na kila mshtakiwa ana haki ya kueleza. Roketi inaingia mwishoni kama shahidi asiye na uhakika, jambo ambalo ni kweli: kuthibitisha kwamba wingu lingetupa mawe kama lisingepigwa ni kazi iliyowashinda hata wataalamu.

Kwa Kipsigis hali inabadilika. Vijijini Bomet, darasa la chini linafundishwa kwa lugha ya eneo, kama sera ya Kenya inavyotaka, na kitabu cha lugha hiyo kinakutana na ugumu wa maandishi kabla ya ugumu wa ngano. Irabu zinaandikwa kwa herufi tano, lakini sauti zake ni maradufu, na urefu na toni juu yake. Msomaji mzima anakisia kwa muktadha, mtoto bado hana muktadha. Kibwagizo ndicho kinachomwokoa: neno lililosomwa kwa kubahatisha ukurasa wa 6 linarudi ukurasa wa 8 na wa 10 likiwa na picha ileile, na kufikia hapo amelishika. Kama kuna aina moja ya kitabu ambayo lugha ya maandishi yenye utata inaihitaji kuliko nyingine, basi ni ya mkufu.

Malighafi ipo. Hollis aliziandika ngano kwa Kinandi na tafsiri yake, na Mkipsigis anakisoma Kinandi hicho bila mkalimani, fursa ambayo Aardema, aliyetegemea upande wa Kiingereza, hakuwa nayo. Upo pia mkusanyo wa Ciarunji Chesaina wa fasihi simulizi ya Wakalenjin, wa mwaka 1991, na kazi ya Ian Orchardson, mmoja wa walima chai wa mwanzo Kericho, aliyeishi na Wakipsigis na ambaye kitabu chake juu yao kilitoka mwaka 1961.

Kisheria mambo yanakaa hivi. Hollis alifariki mwaka 1961, na haki ya mwandishi Kenya hudumu miaka 50 baada ya kifo, kwa hiyo maandishi yake yako huru. Aardema alifariki mwaka 2000, maneno yake bado yana mwenyewe: kibwagizo chake, mapigo yake na mpangilio wake wa sentensi si vya kuchota. Tena tangu mwaka 2016 Kenya ina sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni, inayoitaka ridhaa ya jamii kabla ya ngano yake kutolewa nje ya matumizi ya kawaida. Hollis hakuombwa hilo, na ni vigumu kusahau wakati aliokusanyia: Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, aliuawa Oktoba 1905, Wanandi wakasukumwa kwenye hifadhi, na kitabu kikatoka miaka minne baadaye bila jina la msimulizi kwenye jalada.

Mtunzi wa sasa atawauliza wazee, na asiwaulize kisa tu. Hollis alituachia maneno, hakutuachia mahali msimulizi alipotua, wapi watoto walijibu, neno gani liliimbwa. Hayo ndiyo yanayoamua kama ukurasa ugeuzwe baada ya ng'ombe au kabla yao. Simu yenye kinasa sauti inatosha kwa kazi hiyo, na jina la mzee liandikwe ukurasa wa kwanza, juu ya la mtunzi.